Mafundo ya Mwasiti

Khalfani Chande wa Kasingirima, Ujiji, hakusoma. Chuoni kwa maalimu alikaa miezi mitatu, herufi zikamshinda, baba yake akamtoa akampa kasia. Alichokijua ni ziwa. Upepo aliujua kwa kuunusa, kina cha maji alikijua kwa rangi. Wataalamu walipokuja Kigoma na boti yao ya utafiti, wakamchukua awe baharia wao. Akakaa nao miaka kumi na tisa. Kutia nanga, kushusha vyombo vyao majini, kuvipandisha, kuosha boti. Hakuuliza vyombo vile ni vya nini. Aliyemweleza bila kuulizwa alikuwa mmoja tu.

Aurore Irambona, Mrundi, binti mwembamba, daktari. Si wa sindano. Alisomea Ulaya mambo ya maji na mitambo ya kuyapima, mpaka wakamwambia elimu yenyewe imeishia hapo. Alifika mwanzoni mwa mwaka tisini na tatu. Yeye alimwita Khalfani Mutama, yaani mzee kwa lugha ya kwao.

"Mutama, ziwa hili linapumua," alimwambia siku moja wakiwa kwenye boti. "Kusi ikisukuma maji ya juu, ya chini yanapanda. Yanapanda na chakula cha dagaa, na maji yanaingia ukungu. Nataka nijue kwa mwaka linapumua mara ngapi."

"Sisi twajua. Dagaa wakijaa, limepumua."

"Wenzangu hawaamini dagaa. Wanaamini namba."

Mwanzoni mwa Oktoba Aurore akampa sahani nyeupe ya bati, tundu katikati, na kamba yenye alama kila mita. Kazi yenyewe hii: kila Jumatatu saa sita mchana, mahali pale pale, shusha sahani. Ikipotea machoni, hesabu mita. Basi.

"Na kuandika?" Khalfani aliuliza. "Mimi kalamu siijui."

"Funga mafundo."

Mafundo aliyafunga Mwasiti, mkewe. Vidole vya Khalfani vilikuwa vya kamba za nanga, vya Mwasiti vilikuwa vya kusuka mikeka. Mume akirudi atasema, "Kumi na mbili." Mke atachukua uzi wa nailoni. Fundo nene ni tano, fundo jembamba ni moja. Kumi na mbili ni manene mawili na membamba mawili. Kisha nafasi ya kidole, ndipo wiki nyingine. Kila mwaka na uzi wake. Uzi wa mwaka wa kwanza kichwani ulikuwa na kitanzi kimoja, wa pili viwili, hivyo hivyo.

Katikati ya Oktoba ile ile Aurore akarudi Bujumbura kwa likizo. Hazikupita siku nyingi kule kukachafuka. Watu wakaanza kushuka mwambao, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu na magodoro kichwani. Khalfani alikwenda ufukweni kila siku kutazama nyuso. Hakuuona uso wake.

Lakini Jumatatu ikifika alichukua sahani. Hakuna aliyemwambia aache. Kituo kilipompumzisha kwa uzee aliazima mtumbwi, akaendelea. Mwasiti akaendelea kufunga. Ikafika miaka minne.

Oktoba mwaka tisini na saba Mwasiti akashikwa na homa. Jumatatu akiwa kitandani alimfukuza mumewe aende ziwani. Aliporudi Mwasiti akamuuliza, "Ngapi?" Akasema tisa. Mwasiti akaomba uzi. Alifunga amelala. Alhamisi akafa.

Jumatatu iliyofuata Khalfani hakwenda ziwani. Wala iliyofuata.

*

Arobaini ilikuwa imepita wiki moja tu. Mvua ya Elinino ilikuwa inapiga mabati usiku na mchana. Jumanne asubuhi mtu alibisha hodi. Khalfani akafungua. Mwanamke kasimama uani, viatu mkononi, matope mpaka magotini, mvi zimemwingia mbele.

"Mutama."

Khalfani alishika mlango.

"Nilikutafuta ufukweni," Khalfani alisema.

"Sikutoka wakati ule. Nilipotoka nilipitia juu, kwa miguu, mpaka Kasulu. Niko kambini mwaka wa pili." Akatazama ndani. "Mama yuko wapi?"

Khalfani akatikisa kichwa. Aurore akaelewa. Akakaa kizingitini, akafunika uso kwa viganja. Walikaa hivyo mpaka mvua ikapungua.

Halafu akatoa karatasi mbili kifuani, zimefungwa kwa plastiki. Moja ilikuwa kibali cha kutoka kambini. Mkimbizi hakuruhusiwa kutembea bila hicho. Kiliandikwa mjini tu, Jumanne mpaka Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Akikutwa nje baada ya hapo, anakamatwa, na kibali kingine hapati.

Karatasi ya pili ilitoka chuo kikuu kimoja cha Ulaya.

"Wanatafuta mtafiti mmoja," Aurore alisema. "Sayansi na uhandisi. Miaka miwili. Kwa mtu aliyekwisha kumaliza udaktari."

"Umeshakuwa daktari, bado unaomba kusoma?"

"Si kusoma, Mutama. Wanakuweka uulize maswali."

"Huku mtu akiuliza sana anafukuzwa."

"Ndivyo nilivyofukuzwa." Akacheka kidogo, mara ya kwanza. Kicheko kikakatika. "Mwalimu wangu wa zamani ndiye aliyenitumia. Cheti changu wanacho wao. Mpango wa utafiti nimeuandika. Limebaki moja. Wanataka vipimo vya miaka minne mfululizo, ambavyo hakuna mwingine anavyo. Vyangu viliungua na nyumba. Nimekuja kuomba ule uzi. Najua ni wa wiki mbili tu. Labda watanihurumia."

"Lini wanataka?"

"Faksi iwafikie Ijumaa. Ikipita Ijumaa wanafunga. Na kambini, Mutama..." Hakumaliza. Khalfani aliona alivyokuwa akikunjakunja pembe ya karatasi.

"Ziko nne," alisema.

"Nini?"

"Nyuzi. Wewe hukusema tuache."

Aurore alisimama. Akaweka mkono mdomoni. "Miaka minne? Kila Jumatatu?"

"Kila Jumatatu."

"Ziko wapi?"

Khalfani aliingia chumbani. Kwenye kona palipokuwa pakikaa kikapu cha Mwasiti palikuwa patupu. Hapo ndipo alipokumbuka.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, wanawake walikaa chini kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Kanga kwa huyu, kitana kwa yule. Mwanvua, mdogo wake Mwasiti, aliinua kikapu na kumuuliza: "Shemeji, na hiki? Tufungue utazame?" Yeye akageuza uso. Akasema, "Chukueni vyote. Sitaki kuona." Nyuzi zilikuwa chini ya kanga, ndani ya kikapu.

Alisimama pale chumbani akiitazama kona. Alitamani Aurore asingelikuja. Halafu akatoka.

"Twende kwa shemeji," alisema.

*

Mwanvua aliishi nyumba ya tatu. Alikuwa anapepeta mchele barazani. Alimtazama mgeni juu mpaka chini.

"Ehee! Shemeji, kaburi la dada halijakauka umeshaletewa mgeni?"

"Mwanvua, leo usinitanie. Kikapu cha dada yako kiko wapi?"

"Nilichukua mimi. Ulisema chukueni vyote."

"Kulikuwa na nyuzi ndani. Zina mafundo."

"Vile vinailoni? Nilimpa Haruna. Mzigo mzuri wa uzi uoze kikapuni? Akaenda nao Ilagala kwenye kipe chao."

Haruna alikuwa mwanawe, mvuvi wa dagaa. Kipe ni maboti mawili yaliyounganishwa kwa miti, wavu unashushwa katikati, taa za karabai zinawaka juu yake. Wavuvi hutoka jua likielekea kuzama na kurudi alfajiri. Na wiki ile ilikuwa ya giza, mwezi haupo. Vipe vyote vilikuwa kazini.

"Atakuwa amezifungia wavu," Khalfani alisema.

"Si ndiyo kazi ya uzi?"

Aurore aliketi kwenye ngazi ya baraza. Mwanvua aliona uso wake, akaweka ungo chini. Khalfani alimweleza kwa maneno machache. Mwanvua alisikiliza, mkono shavuni.

"Yaa Rabbi," alisema. "Mafundo yale yalikuwa yanaongea, na mimi nikayagawa." Kisha akamgeukia Aurore. "Wewe utalala kwangu. Mzee yuko peke yake nyumbani, watu wana midomo. Umekula?"

"Nitakwenda naye Ilagala," Aurore alisema.

"Kibali chako kinasema mji," Khalfani alisema. "Ilagala si mji. Kaa hapa. Usitoke uani."

*

Alipata boti Jumatano. Asubuhi ziwa lilichafuka, maboti yote yakakaa. Alishinda ufukweni Ujiji akilitazama. Saa tano upepo ukalegea. Gervasi, mwenye boti la abiria, akakubali kwenda.

"Mzee, unafuata nini Ilagala na mvua hii? Mchumba?"

"Uzi."

"Uzi haupo Ujiji?"

Gervasi akavuta injini.

Walifika alasiri imekwisha. Mdomo wa Malagarasi ulikuwa mwekundu, mto unamwaga matope na magogo ziwani. Khalfani aliona vipe vinasukumwa majini. Vitatu vilishatoka. Aliteremka boti kabla halijagusa mchanga, maji yakamfika kiunoni.

"Haruna! Haruna wa Mwanvua!"

Kipe cha nne kilikuwa kinaelea. Kijana mpana wa mabega aligeuka.

"Baba mkubwa? Kuna msiba?"

"Nyuzi alizokupa mama yako. Ziko wapi?"

Wenzake walicheka. Mmoja akapaza sauti: "Mzee kaja kudai nyuzi! Haruna, rudisha mali ya watu!"

"Ziko kibandani, ndani ya debe," Haruna alisema. Aliona uso wa mzee, akaacha kucheka. "Nyingine ziko kwenye wavu. Kuna nini?"

"Rudi nchi kavu."

"Baba mkubwa, jua hilo linazama. Kesho asubuhi..."

"Kesho asubuhi boti la Gervasi linaondoka na mimi niwe ndani. Rudi."

Haruna alitazama wenzake. Nahodha wa kipe aligeuza uso kwa hasira, akatia kasia kugeuza chombo. Wakarudi.

Kwenye kibanda cha wavuvi Haruna aliinua debe lililokuwa na misumari na vipande vya kamba. Akatoa mabunda matatu. Khalfani aliyapapasa vichwa. Kitanzi kimoja. Vitanzi vitatu. Vitanzi vinne. Yote mazima.

"La pili?"

Haruna aliangalia chini. "Nilifungia maboya. Wiki iliyopita, mwezi ukiwa bado mkubwa, tulipokuwa tumepumzika. Lakini mafundo yalikuwa yananasa kwenye macho ya wavu. Ikabidi niyafungue." Akaonyesha vidole. "Kwa msumari na meno, baba mkubwa. Siku nzima. Nilikuwa nalaani aliyeyafunga."

Khalfani alimtazama.

"Ni mama yako mkubwa aliyeyafunga," alisema.

Haruna aliinuka. Alikwenda kwenye wavu, akachomoa kisu, akaanza kukata. Vipande vitano vilikuwa laini, havina kitu. Kipande cha sita, cha mwisho, kilikuwa bado na mafundo yake. Hakukifikia. Na kipande chenye vitanzi viwili, mwanzo wa mwaka, nacho kilibaki na mafundo, shibiri mbili. Katikati mafundo yote yalikuwa yamefunguliwa.

"Nisamehe," Haruna alisema.

"Nilisema mimi chukueni vyote," Khalfani alijibu.

Nahodha aliita. Haruna akakimbia majini na maboya yake yamefungwa kwa vipande vya gunia. Khalfani alizitia nyuzi kwenye mfuko wa nailoni, akafunga, akauweka ndani ya shati, juu ya ngozi.

*

Alhamisi mvua ilianza saa mbili. Gervasi alitaka kungoja. Khalfani alikaa ndani ya boti, hakushuka.

"Mzee, sitaki kufa kwa uzi wako."

"Upepo wa mvua hii hautakuja na wimbi. Unatoka nchi kavu. Vuta injini."

Gervasi alinusa upepo, akamtazama, akavuta. Wimbi halikuja. Lakini mvua iliwapiga njia nzima, na injini ikazima mara mbili. Kila ikizima Khalfani aliweka kiganja kifuani.

Walifika Ujiji saa tisa. Aurore alikuwa uani kwa Mwanvua, daftari mapajani, kalamu tatu. Khalfani aliketi kwenye mkeka. Akafunga macho. Akashika uzi wa kwanza.

"Kumi na moja," alisema. Vidole vikasogea. "Kumi na tatu. Kumi na tatu. Kumi."

Aurore aliandika. Baada ya kurasa mbili akasimamisha kalamu.

"Mutama, tatizo. Wataniuliza tarehe. Jumatatu ya kwanza naijua, nilikuwepo. Lakini mkiwa mmeruka wiki moja tu mahali, zote zinazofuata zinahama."

"Akiugua mtu au ziwa likikataa, aliweka ushanga," Khalfani alisema. "Huu hapa. Wiki ile nilikuwa na jipu."

"Na hiki chekundu?"

Alipapasa. Uzi mdogo wa kitambaa, umefumwa ndani ya nailoni. Mbele kulikuwa na mwingine, na mwingine. Alikuwa ameviona miaka yote. Alidhani ni urembo, Mwasiti alipenda vitu vyekundu.

"Sijui," alisema.

Mwanvua alikuwa anachochea moto. Akainama kutazama.

"Pindo la kanga yangu hilo! Dada aliniomba akalichana. Nikamuuliza la nini, akasema la kutilia mwezi. Ukiandama tu, anatia."

Aurore alichukua uzi mikononi. Alihesabu nafasi kati ya chekundu na chekundu, midomo ikienda. Nne, nne, tano, nne. Akahesabu tena.

"Kila mwandamo wa mwezi," alisema. "Mutama, hizi ni tarehe. Tarehe za mwandamo hazipotei, ziko vitabuni. Naweza kuibana kila Jumatatu ilipo." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nani alimfundisha?"

"Hakuna."

Waliendelea mpaka macho ya Aurore yakashindwa kuona mstari. Wakaanza tena Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri. Uzi wa kwanza ulikwisha. Wa tatu ukaisha saa mbili. Wa nne, mwishoni, Khalfani alipunguza mwendo. Mafundo ya mwisho yalikuwa malegevu, yanacheza kwenye uzi. Nene moja, membamba manne.

"Tisa," alisema. Kidole akakiacha pale pale. "Hapo ndipo mwisho."

Ulibaki uzi wa pili. Saa ilikuwa tatu na nusu. Posta ya Kigoma, yenye mashine ya faksi, ilifungwa saa sita siku ile, na njia ilikuwa matope matupu.

Walisoma shibiri mbili za mwanzo. Wakasoma kipande cha mwisho. Aurore alihesabu.

"Wiki ishirini na mbili hazipo."

"Ni nyingi?"

"Wamesema mfululizo, Mutama. Ndilo neno lao. Miaka minne mfululizo." Alikuwa anazungusha kalamu, haraka haraka. "Watakaoomba ni mia, labda mia mbili. Wanatafuta sababu ya kutupa karatasi. Hii ndiyo sababu yenyewe."

Khalfani alichukua kipande kimoja kilichofunguliwa mafundo. Akakishika kama alivyoshika vingine. Akafunga macho.

"Kumi na mbili," alisema.

Aurore alimtazama.

"Andika. Ilikuwa kiangazi, nakumbuka. Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi. Kusi ilianza hapo. Tisa."

Kalamu ilisita. Kisha ikaandika. Mwanvua aliacha kupuliza moto. Kumi. Nane. Nane. Namba zilikuja zenyewe, zilikuwa za kweli kama nyingine. Ziwa alilijua. Nani angebisha? Kule Ulaya nani alikuwepo? Tisa. Kumi na moja. Walifika wiki ya kumi na tano. Vidole vilikuwa vinakwenda bila kukutana na kitu, vikafika mwisho wa kipande, vikashika kile cha mwisho, chenye mafundo. Ndani yake vikagota ushanga.

Aliukumbuka. Siku ile mgongo ulimkataa, hakwenda. Alimwambia Mwasiti, "Funga kumi tu. Ziwa halijabadilika." Mwasiti alikuwa na uzi mkononi. Hakubishana. Alimuuliza tu: "Uliiona sahani?" Akasema hapana. Mwasiti akatungia ushanga. Hawakuongea tena habari ile.

Khalfani alifungua macho.

"Futa."

"Mutama?"

"Zote nilizosema sasa. Futa."

"Mutama, wataitupa! Umenielewa? Nikirudi kambini leo bila hili sina tena pa kwenda. Nimekaa na madaftari ya kuhesabu maharage ya mgao mwaka mzima. Sina pengine!" Sauti ilipanda mpaka jirani akachungulia uani. "Namba zako si uongo. Wewe unalijua ziwa kuliko mashine."

"Sikuiona sahani," Khalfani alisema.

Mvua ilikuwa imekatika, maji yanadondoka toka kwenye mabati. Aurore alitazama ukurasa. Alipiga mstari mmoja, mrefu, toka juu mpaka chini. Akaandika kitu pembeni.

"Umeandika nini?"

"Wiki ishirini na mbili hazipo. Uzi ulitumika kwenye wavu."

"Ongeza: kwa kosa la Khalfani Chande."

"Hilo siongezi," alisema, sauti imekauka. Kisha akageuza karatasi nyingine, ile ya fomu. "Hapa wanauliza nani alikusanya vipimo."

"Andika Mwasiti kwanza."

"Mwasiti binti nani?"

"Songoro," Mwanvua aliitikia kutoka motoni. "Mwasiti binti Songoro, wa Kasingirima. Uandike vizuri."

Walifika posta saa sita kasoro dakika kumi. Mashine ilimeza karatasi moja baada ya nyingine, polepole, ikinguruma. Khalfani alisimama nyuma ya Aurore, kofia mkononi. Ya mwisho ilipopita, karani akachukua kijikaratasi na kusema imefika. Aurore alikipokea kwa mikono miwili.

Gari la kambini lilikuwa linaondoka saa tisa. Aliagana naye stendi. Hawakusema mengi.

"Nimekukasirikia, Mutama," Aurore alisema.

"Najua."

"Bado nimekasirika." Akapanda.

*

Desemba ikaisha. Ramadhani ikaingia. Khalfani alifuturu kwa Mwanvua, akarudi kulala. Sahani ilikuwa imeegemea ukuta. Hakuigusa. Kila gari la kambini likipita aliinuka.

Kumi la mwisho la mwezi mtukufu, Ijumaa, alikuja mwanamke mmoja wa Kigoma, Leonia, muuguzi aliyefanya kazi kambini. Alileta barua. Mwanvua alitoka jikoni mikono ina unga. Leonia akasoma, kaishika wima mbele ya macho yake kama cheti.

*Mutama, shikamoo. Wamenichukua. Nilipata habari Jumatatu, Jumatano walitupakia moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege, sikuruhusiwa kushuka Ujiji. Nisamehe. Mwalimu wangu anasema walibishana sana juu ya zile wiki ishirini na mbili. Wawili walitaka kuitupa. Wa tatu akawaambia, mtu aliyeacha pengo hili wazi hakutunga yaliyobaki. Wakapiga kura, nikapita kwa moja. Sasa wanataka kujua Mwasiti binti Songoro ni nani, wamwandikie. Sikujua niwajibu nini. Niambie niwajibu nini. Na nyuzi zenyewe usimpe mtu.*

Leonia alikunja barua. "Mzee, nimjibu nini?"

Khalfani aliipokea barua kwa mikono miwili.

"Mwambie ni mke wangu," alisema.

Mwanvua alirudi jikoni haraka. Walimsikia akipiga masufuria.

Jumatatu, saa sita mchana, Khalfani aliazima mtumbwi. Alikuwa amefunga, mikono haina nguvu, akapiga kasia taratibu mpaka mahali pale pale. Mvua zilikuwa zimelijaza ziwa, mawe aliyoyazoea ufukweni yalikuwa chini ya maji. Alishusha sahani. Ilikwenda ikififia, ikawa kama sarafu, ikapotea. Akahesabu. Akapandisha, akashusha tena, akahesabu tena.

Jioni kabla ya futari alikwenda kwa Mwanvua.

"Shemeji, una shanga?"

"Shanga! Mwezi wa Ramadhani!" Mwanvua alishika kiuno. "Zangu za kiunoni unazitaka za nini, mzee mzima?"

"Kumi na tano tu."

Mwanvua alifungua mdomo kumtania tena. Akahesabu kwa vidole, toka Oktoba. Akaingia ndani. Alitoka na shanga kiganjani, na kipande cha pindo jekundu.

"Mwezi unaandama wiki hii," alisema.

Khalfani alikaa kwenye mkeka, uzi mpya mapajani. Alifunga vitanzi vitano kichwani. Akatunga shanga, moja moja, kumi na tano. Akaacha nafasi ya kidole. Kisha fundo nene, na jingine nene, na jembamba moja. La pili lilitoka vibaya, limekaa upande. Alilitazama. Akaliacha.